Kupanga Matini kwa Kompyuta na Upatanisho wa Kisarufi: Lugha ya Scheme na Mahitaji ya Garissa

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi maktaba ya kupanga matini inavyoongezwa katika lugha ya programu iitwayo Scheme, na kuonyesha kwa nini kazi hiyo, ambayo kwa kawaida huachiwa mafundi wa kompyuta peke yao, inawahusu pia wanaisimu wa lugha za Afrika. Kwa "kupanga matini" inakusudiwa hapa ile kazi ya kuchukua thamani zilizomo ndani ya mashine, yaani tarakimu, majina, tarehe na saa, na kuzigeuza kuwa maneno na sentensi ambazo mtu anaweza kuzisoma bila kukwazika.

Mifano imechukuliwa katika Garissa na maeneo jirani ya Kaskazini Mashariki ya Kenya. Eneo hilo, ambalo lilikuwa mkoa mmoja hadi mfumo wa kaunti ulipoanza kazi mwaka 2013, lina kaunti tatu. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2019, Garissa ilikuwa na watu 841,353, Wajir 781,263, na Mandera 867,457. Lugha ya wengi ni Kisomali. Kando ya Mto Tana wako wasemaji wa lahaja za Kioromo, nao ni Waorma na Wamunyoyaya. Kusini, kuelekea Lamu, wako Waboni. Na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha wote hao sokoni, ofisini na shuleni. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na imeitaka serikali kuzikuza lugha za wenyeji.

Sababu ya kuichagua Garissa ni kwamba uchumi wake unategemea mifugo, na habari za mifugo ni habari za idadi: ngamia wangapi wameuzwa, mbuzi wangapi wamekufa, maji yatagawiwa saa ngapi. Tangu huduma ya kutuma pesa kwa simu ilipoanza nchini Kenya mwaka 2007, na hasa katika ukame mkali wa miaka ya 2020 hadi 2022, sehemu kubwa ya habari za namna hiyo imekuwa ikimfikia mfugaji kwa maandishi mafupi yaliyotungwa na mashine. Sentensi ambayo hakuna binadamu aliyeiandika ndiyo inayomwambia mtu kama ana chakula au hana. Kwa hiyo si jambo dogo kuuliza mashine hiyo imejifunza sarufi ya nani.

2. Scheme na kilichoachwa nje yake

Lugha ya Scheme ilitungwa mwaka 1975 na Gerald Jay Sussman na Guy L. Steele katika chuo cha MIT, Marekani. Ni tawi la lugha ya zamani zaidi iitwayo Lisp. Sifa yake kubwa ni ufupi wa kanuni zake: watungaji walishikilia kwamba ni afadhali kuwa na kanuni chache zinazoungana vizuri kuliko kuwa na vipengele vingi vilivyorundikwa. Kwa sababu hiyo sarufi yake yote yaweza kufundishwa kwa muda mfupi, na ndiyo maana imependwa sana na walimu.

Lakini ufupi huo una gharama yake. Maelezo sanifu ya lugha hiyo yaliyotolewa mwaka 2013, ambayo hujulikana kwa jina la R7RS, yanampa mwandishi wa programu njia za kuandika thamani moja moja, kuhamia mstari mpya, na kuyakusanya maandishi ndani ya kumbukumbu badala ya kuyapeleka moja kwa moja kwenye kioo. Hayampi chombo cha kupanga matini. Anayetaka kuandika sentensi yenye tarakimu mbili na jina moja hana budi kuiandika kipande kwa kipande.

Pengo hilo limeachiwa maktaba. Jamii ya watumiaji wa Scheme ina utaratibu wa kutoa mapendekezo yenye nambari, yajulikanayo kwa herufi SRFI, ambayo kila mwenye kutengeneza mfasiri wa lugha hiyo aweza kuyakubali au kuyaacha. Kuhusu kupanga matini yametolewa mapendekezo kadhaa, nayo yamegawanyika katika njia mbili zilizo tofauti kabisa. Ya kwanza yaweza kuitwa njia ya kiolezo, na ya pili njia ya viunganishi. Uchaguzi kati ya njia hizo mbili ndio kiini cha makala haya.

3. Njia ya kiolezo

Katika njia ya kiolezo, mwandishi huandika sentensi nzima ikiwa na mapengo, na katika kila pengo huweka alama ya maelekezo. Katika jamaa ya Lisp alama hiyo huanza kwa kiwimbi (~). Kwa mfano, kiolezo "Ngamia ~a wameuzwa" kikipewa tarakimu 3 hutoa "Ngamia 3 wameuzwa". Wazo lenyewe ni kongwe. Limo katika lugha ya FORTRAN tangu mwaka 1957. Pendekezo la SRFI 28 la mwaka 2002, lililoandikwa na Scott G. Miller, liliweka alama nne tu za namna hiyo, na pendekezo la 48 la Ken Dickey likaziongeza.

Njia hii ni nyepesi kuongezwa katika mfasiri. Kinachohitajika ni utaratibu mmoja unaokipitia kiolezo herufi kwa herufi: ikiwa herufi si kiwimbi, inaandikwa kama ilivyo, ikiwa ni kiwimbi, herufi inayofuata inatazamwa, na thamani ya kwanza ambayo haijatumika inachukuliwa na kuandikwa mahali pake. Mwanafunzi hodari aweza kuikamilisha kazi hiyo kwa siku moja.

Taabu huanza pale kiolezo kinapotakiwa kujua sarufi. Katika Common Lisp, ambayo ni ndugu mkubwa wa Scheme, iliwekwa alama ya P ambayo kazi yake ni kutia wingi: tarakimu ikiwa 1, alama hiyo haiandiki kitu, ikiwa ni nyingine yoyote, huongeza herufi "s" mwishoni mwa neno. Ipo pia namna yake ya pili kwa maneno ya Kiingereza yanayoishia kwa "y". Alama nyingine, ya R, huandika tarakimu kwa maneno, na maneno hayo ni ya Kiingereza. Alama hizo mbili zimerithiwa na baadhi ya wafasiri wa Scheme, akiwemo Guile.

Hapana shaka kwamba waliozitunga hawakukusudia ubaya wowote. Hata hivyo, walichokifanya ni kuichukua kanuni ya mofolojia ya lugha moja na kuiweka ndani ya chombo kinachodaiwa kuwa cha lugha zote. Kanuni hiyo inadai mambo matatu: kwamba wingi ni suala la neno moja tu, kwamba alama ya wingi hukaa mwishoni mwa neno, na kwamba neno lingine lolote katika sentensi halibadiliki. Katika Kiswahili madai yote matatu si kweli.

Chukua kiolezo kilichotajwa hapo juu. Kikipewa tarakimu 1 hutoa "Ngamia 1 wameuzwa". Nomino haina kosa, kwa kuwa "ngamia" haibadiliki umbo katika umoja na wingi. Kosa liko katika kitenzi, ambacho hakikuguswa na alama yoyote. Yaani katika mfano huu wingi haumo katika neno ambalo Mwingereza angelitazama, bali umo katika neno ambalo yeye asingelitazama kabisa.

4. Kiasi cha upatanisho kinachohitajika

Kabla ya kuieleza njia ya pili, yafaa kupima ukubwa wa kazi yenyewe. Tarakimu za Kiswahili zinazopatana na nomino ni sita: moja, mbili, tatu, nne, tano na nane. Zilizobaki, yaani sita, saba, tisa na kumi, hazibadiliki. Kwa hiyo husemwa "ngamia watano" lakini "ngamia sita", "magunia manane" lakini "magunia tisa". Katika hesabu kubwa zaidi, upatanisho huangukia tarakimu ya mwisho: "watu ishirini na watatu", "vitabu kumi na kimoja".

Shina la hesabu nalo hubadilika kwa kanuni za sauti. Shina "-wili" hutoa "wawili", "mawili" na "viwili", lakini katika ngeli ya "nyumba" hutoa "mbili". Shina "-moja" hutoa "mmoja" kwa mtu na kwa mti, "kimoja" kwa kitabu, na "moja" bila kiambishi kwa gunia na kwa nyumba. Vivumishi vina mambo yao pia: "-ingi" hutoa "wengi" na "mengi" kwa kuungana kwa irabu.

Tena ziko nomino ambazo umbo lake ni la ngeli moja na upatanisho wake ni wa ngeli nyingine. Katika habari za Garissa hizo ndizo nyingi, kwa kuwa majina ya wanyama karibu yote ni ya namna hiyo: ngamia, ng'ombe, mbuzi, kondoo, punda. Kwa umbo zingefuata ngeli ya "nyumba". Kwa upatanisho sanifu zinafuata ngeli ya viumbe hai. Katika mazungumzo ya bara, na Garissa ikiwemo, husikika sana "mbuzi tatu" na "ng'ombe mbili". Ni juu ya mwenye kutengeneza programu kuamua atafuata usemi upi, lakini auamue kwa kujua. Mashine ikiandika "mbuzi tatu" kwa sababu tu haikufundishwa ngeli ya viumbe hai, huo hautakuwa uamuzi wa kilahaja. Utakuwa ujinga uliopewa nguvu ya kujirudia mara laki.

Kuandika hesabu kubwa kwa maneno kuna mtego wake. "Elfu arobaini na moja" yaweza kufahamika kuwa 41,000 au kuwa 40,001. Desturi ya kutanguliza hesabu, yaani "arobaini na moja elfu", huondoa utata huo. Programu inayoandika kiasi cha fedha kwa maneno haina budi kuifuata desturi hiyo, maana tofauti ya hesabu hizo mbili ni shilingi 999.

5. Njia ya viunganishi

Katika njia ya pili hakuna kiolezo wala alama za maelekezo. Kila kipande cha matini ni utaratibu mdogo wa programu, na taratibu hizo huunganishwa ili kupata utaratibu mkubwa. Jambo hili linawezekana kwa urahisi katika Scheme kwa sababu, katika lugha hiyo, utaratibu ni thamani kama thamani nyingine: waweza kupokewa, kutolewa na kuwekwa ndani ya orodha. Alex Shinn aliandika maktaba ya namna hii, na muundo wake ukatolewa kuwa pendekezo la 159, kisha pendekezo la 166 la mwaka 2020 ambalo lilichukua nafasi ya lile la awali. Mfasiri wake mwenyewe, Chibi-Scheme, anayo maktaba hiyo.

Msingi wa pendekezo la 166 ni "hali". Wakati matini inapoandikwa, kuna kumbukumbu inayotembea pamoja nayo kutoka kipande hadi kipande. Ndani yake mmehifadhiwa mambo kama nafasi iliyofikiwa katika mstari, upana wa ukurasa, alama ya kutenga maelfu, na idadi ya tarakimu baada ya nukta. Kipande chochote chaweza kuisoma hali hiyo, na chaweza kuibadilisha kwa manufaa ya vipande vinavyofuata. Zaidi ya hayo, mwenye kuitumia maktaba anaruhusiwa kuongeza vigezo vyake mwenyewe katika hali hiyo.

Ruhusa hiyo ya mwisho ndiyo inayomhusu mwanasarufi wa Kiswahili. Upatanisho wa kisarufi, ukitazamwa vizuri, ni hali ya namna hiyohiyo. Nomino inapotamkwa huweka ngeli, na maneno yanayofuata, yaani hesabu, vivumishi, vionyeshi na vitenzi, huisoma ngeli hiyo na kujivika kiambishi kinachostahili. Kwa hiyo yatosha kuongeza vigezo viwili, kimoja cha ngeli na kimoja cha idadi, kisha kuandika vipande ambavyo majina yake, kwa kuwa Scheme humwachia mwandishi kuchagua majina, yaweza kuwa ya Kiswahili:

(sentensi (nomino "ngamia" n) (kitenzi "me" "uzwa"))

Hapa n ni idadi itakayoletwa na mashine. Ikiwa ni 1, matokeo ni "Ngamia mmoja ameuzwa". Ikiwa ni 3, ni "Ngamia watatu wameuzwa". Ikiwa mahali pa "ngamia" patawekwa "gunia", bila kugusa kitu kingine, matokeo yatakuwa "Gunia moja limeuzwa" na "Magunia matatu yameuzwa". Kipande cha nomino kimetafuta ngeli katika orodha ya maneno na kuiweka katika hali. Kipande cha kitenzi kimeisoma na kuchagua a-, wa-, li- au ya-.

Mpango huu una mpaka wake, nao lazima utajwe. Hali hutembea kuelekea mbele tu. Katika sentensi "Wameuzwa ngamia watatu", kitenzi kimetangulia, na wakati wa kukiandika ngeli haijawekwa bado. Vivyo hivyo, katika kuunganisha nomino za ngeli mbalimbali, kama katika "ngamia na magunia", hakuna ngeli moja ya kusomwa. Dawa yake ni kuijenga sentensi nzima kwanza kama muundo, kuupitia ili kukusanya ngeli, kisha ndipo kuiandika. Kazi inaongezeka, lakini haibadiliki asili yake.

6. Kisomali na Kioromo

Ingekuwa kosa kudhani kwamba chombo kilichokwisha kutoshea Kiswahili kitazitosha lugha nyingine za Kaskazini Mashariki. Katika Kisomali hesabu hutangulia nomino, na nomino inayofuata hesabu haichukui umbo lake la kawaida la wingi. Nomino ya jinsia ya kiume hubaki katika umoja: "laba nin", watu wawili wanaume, "saddex neef", wanyama watatu. Nomino ya jinsia ya kike huchukua kiambishi tamati "-ood": "laba naagood", wanawake wawili, "saddex maalmood", siku tatu, "afar bilood", miezi minne.

Kwa hiyo orodha ya maneno ya Kisomali haihitaji ngeli bali jinsia, na haihitaji umbo la wingi la kawaida peke yake bali pia umbo la baada ya hesabu. Mwandishi wa programu aliyezoea Kiingereza ataandaa nafasi mbili kwa kila neno, ya umoja na ya wingi, na atakapomwomba Msomali amjazie nafasi hizo atapewa maumbo mawili sahihi ambayo, yakiwekwa baada ya tarakimu, yatakuwa makosa. Kila mmoja atakuwa ametimiza wajibu wake, na sentensi bado itakuwa mbovu.

Katika Kioromo hesabu hufuata nomino kama ilivyo katika Kiswahili, lakini nomino kwa kawaida haihitaji alama ya wingi: "nama lama", watu wawili. Basi katika mji mmoja wa Garissa zipo kanuni tatu za wazo moja la "wawili". Kwa kuwa mpangilio wa maneno nao unatofautiana, kiolezo kinachopokea thamani kwa zamu hakitoshi. Pendekezo la 29 la mwaka 2002, la Miller huyohuyo, lilitambua tatizo la mpangilio na kuruhusu thamani kutajwa kwa nafasi yake, ili mfasiri wa matini aweze kuitanguliza ya pili. Tatizo la upatanisho halikuguswa.

7. Herufi, upana na mwelekeo

Kazi nyingine ya maktaba ya kupanga matini ni kuyaweka maandishi katika safu, kuyakata yanapozidi upana, na kuihamisha mistari. Kazi hizi huonekana kuwa za kimashine tu, lakini nazo hudai elimu ya lugha.

Jambo la kwanza ni kibainishi. Katika Kiswahili alama hiyo ni sehemu ya herufi "ng'", kama katika "ng'ombe". Katika Kisomali, kwa tahajia ya Kilatini iliyotangazwa rasmi mjini Mogadishu mwaka 1972, ni alama ya konsonanti ya koromeo, na yaweza kukaa mwishoni mwa neno: "lo'", yaani ng'ombe kwa jumla. Kanuni za kimataifa za kutenga maneno hukubali kibainishi kilichokaa kati ya herufi mbili, hivyo "ng'ombe" hupona. Kibainishi cha mwishoni huhesabiwa kuwa alama ya kufunga maneno yaliyonukuliwa na hutengwa na neno lake. Programu inayofuta alama za mwisho wa neno kabla ya kutafuta katika orodha itatafuta "lo" badala ya "lo'", na haitaona kitu.

Iko herufi maalumu katika orodha ya kimataifa ya Unicode, yenye nambari U+02BC, ambayo ina umbo la kibainishi na huhesabiwa kuwa herufi kamili. Kwa mwanaisimu hiyo ndiyo yenye haki. Lakini ujumbe wa simu una sheria nyingine. Ukiandikwa kwa herufi za msingi tu una nafasi 160. Ikitokea herufi moja iliyo nje ya orodha ya msingi, ujumbe wote hubadilishiwa mfumo na nafasi zake huwa 70. Kibainishi cha kawaida cha taipureta kimo katika orodha ya msingi. Herufi U+02BC haimo, wala kibainishi kilichopinda cha vitabuni. Basi anayetuma habari za ng'ombe kwa usahihi huo atalipa zaidi ya maradufu. Njia ya busara ni kuitumia herufi kamili ndani ya mashine, ambako maneno yanatafutwa na kutengwa, na kuigeuza kuwa kibainishi cha kawaida mlangoni, wakati wa kutuma. Kubadilisha huko ni kazi ya maktaba ya kupanga matini hasa.

Jambo la pili ni upana. Katika Scheme urefu wa neno huhesabiwa kwa idadi ya herufi, na mara nyingi idadi hiyo huchukuliwa kuwa ndiyo upana wake kwenye kioo. Kwa hati za Kilatini hesabu hiyo inatosha. Kwa hati ya Kiarabu, ambayo watoto wengi wa Garissa huisoma dugsi kabla ya kuingia shule, na ambayo imetumika kwa Kiswahili na kwa Kisomali, haitoshi: irabu huandikwa kwa alama za juu na chini ya konsonanti, kila alama huhesabiwa kuwa herufi, na hakuna hata moja inayochukua nafasi katika mstari. Safu iliyopangwa kwa kuhesabu herufi itapinda. Pendekezo la 166 linaruhusu utaratibu wa kupima upana ubadilishwe, na lina sehemu yake maalumu kwa ajili ya Unicode. Hata hivyo, taratibu zake za kujaza nafasi zinasema "kulia" na "kushoto", hali kwa hati inayoanzia kulia maneno yafaayo ni "mwanzo" na "mwisho".

Hati ya Osmanya, iliyobuniwa na Osman Yusuf Kenadid kwa ajili ya Kisomali mwanzoni mwa miaka ya 1920, iliingizwa katika Unicode mwaka 2003. Herufi zake zimewekwa nje ya eneo la kwanza la orodha hiyo, hivyo mfasiri wa Scheme aliyejengwa kwa herufi za baiti mbili mbili ataihesabu kila herufi moja kuwa mbili. Hati hiyo haina matumizi makubwa, lakini ni kipimo kizuri: maktaba inayoipanga Osmanya bila kosa imejengwa juu ya msingi ulio imara.

8. Saa na siku

Mapendekezo ya Scheme yana pia maktaba ya kuandika saa na tarehe. Alama zake hutoa saa ya kimataifa. Kuibadilisha kuwa saa ya Kiswahili ni hesabu fupi: saa ya kimataifa huongezwa sita, kisha hugawanywa kwa kumi na mbili na kubakishwa baki, baki likiwa sifuri huandikwa kumi na mbili. Kwa njia hiyo 7:00 huwa saa moja asubuhi, 13:00 huwa saa saba mchana, na 19:00 huwa saa moja usiku.

Ugumu hauko katika hesabu. Uko katika neno linalofuata, kwa kuwa mpaka wa asubuhi, mchana, jioni na usiku si wa tarakimu tu, na uko katika jina la siku. Kwa desturi ya Kiislamu siku huanza jua linapotua. Kwa hiyo saa mbili ya usiku baada ya Alhamisi kuchwa ni, kwa wazee wengi wa Garissa na wa pwani, usiku wa Ijumaa. Ujumbe unaosema kwamba maji yatagawiwa "Ijumaa saa mbili usiku" waweza kuwaleta watu kisimani katika nyakati mbili zilizopishana kwa saa ishirini na nne. Hapa dawa si kanuni nyingine ya programu bali ni uandishi wa hadhari: kuitaja tarehe pamoja na siku, na kusema "usiku wa kuamkia Jumamosi" panapohitajika.

9. Pingamizi dhidi ya viunganishi

Yako maneno mazito yawezayo kusemwa dhidi ya njia ya viunganishi, na haifai kuyapuuza. La kwanza ni kwamba kiolezo chaweza kusomwa na kutafsiriwa na mtu asiyejua programu. Mwalimu wa Kisomali akipewa orodha ya sentensi zenye mapengo atafanya kazi yake nyumbani kwa kalamu na karatasi. Akipewa taratibu za Scheme atahitaji fundi wa kuketi naye. La pili ni kwamba sentensi iliyoandikwa nzima na binadamu ina ulaini ambao sentensi iliyoungwa na mashine huukosa.

Kwa sababu hizo mifumo inayotumika sana duniani, ukiwemo ule wa GNU uitwao gettext, imeshika njia ya kati: mfasiri wa matini huandika sentensi nzima mara mbili au zaidi, moja kwa kila aina ya idadi, na mashine huchagua. Katika kanuni za kimataifa Kiswahili kimepewa aina mbili, ya moja na ya nyingine zote. Mgawanyo huo unatosha mradi nomino inajulikana mapema na idadi inaandikwa kwa tarakimu. Hautoshi pale nomino yenyewe inapoletwa na mashine, kama katika taarifa ya soko ambamo leo ni ngamia, kesho ni gunia, na kesho kutwa ni kitoweo kingine. Wala hautoshi pale idadi inapoandikwa kwa maneno au kusomwa kwa sauti kwa ajili ya msikilizaji asiyejua kusoma.

Kwa hiyo njia hizo mbili hazina haja ya kugombana. Sentensi zisizobadilika nomino ziandikwe kama violezo na kukabidhiwa wafasiri. Sentensi ambazo nomino yake haijulikani mapema zijengwe kwa viunganishi, na orodha ya maneno iwe mali ya wanaisimu. Anayeongeza maktaba katika mfasiri wa Scheme aanze na viunganishi, kwa kuwa kiolezo chaweza kujengwa juu yake kwa urahisi, ambapo viunganishi haviwezi kujengwa juu ya kiolezo bila kukivunja.

10. Hitimisho

Imeelezwa kwamba maktaba ya kupanga matini si chombo kisicho na lugha. Alama ya P ya Common Lisp ni sarufi ya Kiingereza iliyojificha katika herufi moja, na kila anayeinakili bila kuichunguza huipeleka sarufi hiyo mahali isipohusika. Imeonyeshwa pia kwamba Scheme, kwa udogo wake, inampa mtengenezaji nafasi ya kuanza upya, na kwamba upatanisho wa ngeli unalingana vizuri na dhana ya hali iliyomo katika pendekezo la 166.

Kazi iliyobaki ni ya idara za lugha zaidi kuliko ya mafundi. Kinachokosekana ni orodha zilizoandikwa kwa namna ambayo mashine yaweza kuzisoma: kwa Kiswahili, kila nomino na ngeli yake ya umbo na ya upatanisho, kwa Kisomali, kila nomino na jinsia yake na umbo lake la baada ya hesabu, kwa lahaja za Kioromo za Mto Tana, maelezo ya lini wingi hutiwa na lini huachwa. Sehemu kubwa ya ujuzi huo imo tayari katika kamusi na katika tasnifu zilizofungiwa makabatini. Wanafunzi wa mwaka wa tatu, wakigawiwa herufi za alfabeti, wanaweza kuutoa humo kwa muhula mmoja, na Msomali wa Garissa anayesomea isimu atafaa zaidi kwa sehemu yake kuliko fundi yeyote aliye mbali. Orodha hizo zikiwepo, fundi ataongeza maktaba kwa wiki chache, na mfugaji atakayepokea habari za wanyama wake atazisoma mara moja tu na kuzielewa.